Tope la Nkololo

Masika yakianza, wakimbiza baiskeli wa Bariadi huzitundika baiskeli zao ndani, wakangoja pamba ivunwe. Anatoli peke yake ndiye aliyekuwa na kichwa kigumu. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa ndio kwanza wanaingia, na mmoja wao alitangaza mashindano ya Bariadi hadi Maswa mwezi wa saba. Anatoli akasema baiskeli hutundikwa, miguu haitundikwi. Kila Jumamosi akashika njia ya Nkololo. Palipoendesheka aliendesha, penye tope jeusi la mbuga aliitupa baiskeli begani akakimbia nayo.

Tope baya kuliko yote lilikuwa mbele ya nyumba ya kina Generoza, na hapo ndipo alipopumzika. Generoza alimpa kijiti cha kuchokolea madigadi, akamletea maji, wakakaa kibarazani kusafisha cheni. Cheni haihitaji saa nzima, lakini yao ilihitaji. Miezi miwili ikapita hivyo, na Anatoli hakuzungumzia lolote ila mazoezi. Generoza, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa amekwisha kumpenda. Aliogopa tu kwamba mwenzake anapenda tope.

Aliyeharibu ni mama yake Generoza, Milembe, kwa huruma zake. Ijumaa moja aliwaita wenzake wa kikundi cha kulima, wakasomba mawe tangu asubuhi, wakalijaza lile tope hata gari lingepita.

"Mayu, umefanya nini?" Generoza aliuliza.

"Nimemtengenezea mtu njia. Kubeba chuma kila wiki, si atavunjika mgongo?"



Jumamosi Generoza alichota maji kama kawaida. Akakiweka kijiti kibarazani, akaona aibu, akakiondoa, kisha akakirudisha. Saa tatu, saa ya Anatoli, ikafika na kupita. Habari za njia huenda mbio, na aliyefuata tope akisikia limefukiwa, atafuata nini tena?

Anatoli alitokea saa tano. Alikuja polepole juu ya mawe, amevaa shati jeupe la kanisani, baiskeli iko begani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Milembe.

"Mwangaluka, mwanangu. Njia tumekutengenezea, mbona bado unaibeba?"

Anatoli akaitazama baiskeli kana kwamba ameiona sasa hivi.

"Ningeipanda ningefika upesi, mayu. Nilikuwa bado natafuta maneno."

"Na mazoezi?" Generoza aliuliza. "Tope si limekwisha."

"Generoza, nyuma ya nyumba yetu kule Bariadi kuna tope la kuzamisha ng'ombe."

Milembe akainuka kwenda kupika uji ambao hakuna aliyeuomba. Generoza akaipokea baiskeli kutoka begani kwa Anatoli. Haikuwa na hata doa. Wakakaa kibarazani, wakaanza kuisafisha.