Frii ya Stanley

Mimi si mtu wa kinyaa. Nimekulia zizini, nimezalisha mbuzi kwa mikono hii, na matapishi ya watoto wa watu nimeyafuta mara nyingi tu. Lakini Stanley alinitia kinyaa, na mpaka leo nikikumbuka mteremko ule wa Bereko mate yananijaa mdomoni.

Alikuwa ameniposa. Mshenga wake angekuja kwetu Area D, Dodoma, Jumapili baada ya ibada kuchukua jibu, na wa kulitoa alikuwa shangazi Loisi, maana baba hayupo tena. Kwa hiyo Ijumaa mimi na Stanley tukamfuata shangazi kwake Bereko, tumlete Dodoma. Shangazi mwenyewe alishaamua. Aliniambia jikoni kwake, akifunga dumu la samli aliyoipika kwa ajili ya harusi, kwamba umri unanitupa mkono, mwanamume ana kazi na hanywi, sasa nasubiri malaika? Jibu lilikuwa mdomoni mwake, si mwangu.

Gari ni langu, lile la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Lakini wakati wa kuondoka Stanley akaninyang'anya ufunguo, eti hawezi kupakiwa na mwanamke mbele ya wakwe. Haya. Shangazi akakaa nyuma na dumu lake la samli, naye Stanley akakaa kwenye usukani na kijiti mdomoni, anachokonoa nyama ya mbuzi tuliyokaribishwa.

Mteremko ulipoanza tu, akasukuma gia akatia frii, gari literemke lenyewe bila gia. Nikamwambia taratibu kwamba gari hili haliendeshwi hivyo. Ukiliacha kwenye gia ya D ukakanyaga breki polepole, magurudumu yanazungusha mota, mota inafua umeme na kuurudisha kwenye betri, vimishale vya kijani vinakuonyesha kwenye kioo, na gari linapungua mwendo bila kuchosha breki. Ukitia frii hakirudi kitu, mzigo wote unabaki kwa breki. Hata kioo cha mbele ya usukani kilikuwa kinaonya kwamba betri haichaji.

Akacheka. Kipande cha nyama kikamruka kwenye meno kikatua kwenye kile kioo, juu kabisa ya alama ya betri. Akakibandua kwa kidole, akakitazama, akakila. Jamani, akakila! Kisha akanieleza kwamba yeye ameendesha malori mpaka Tunduma, frii inaokoa mafuta, kila dereva anajua, na hivyo vimishale vya kijani ni urembo wa kuwauzia wanawake.

Hatukufika mbali, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Shangazi akauliza kwa adabu ni nini kinaungua. Nami nilishajua ni breki, nikafungua mdomo niseme, Stanley akaniwahi.

"Ni hiyo samli yako, shangazi. Imeharibika. Itupe, inatuumiza vichwa."

Samli ya shangazi Loisi, inayonukia hata ikiwa imefunikwa! Nikamwambia shangazi asitupe. Lakini mkwe ameshasema, na shangazi ni mtu wa heshima zake. Akashusha kioo, akalitupa dumu korongoni kwa mkono wake mwenyewe.

Harufu ikazidi. Punde breki ikaanza kuzama mguuni kwa Stanley, jasho likamtoka, akavuta hendibreki kwa nguvu zote na gari likaserereka mpaka kwenye kifusi cha kokoto kando ya barabara. Likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa linafuka moshi.

Maji hatukuwa nayo, chupa nzima alishaisukutulia mdomo. Basi mwanamume yule akashuka, akazunguka mpaka kwenye lile gurudumu, akafungua zipu, akakojoa. Eti anapoza breki! Mvuke ukapanda ukaingia dirisha la nyuma, na kwenye dirisha hilo alikuwa amekaa shangazi yangu, mtu ambaye mkwe hata kula mbele yake anatakiwa aone haya. Shangazi akajifunika uso wote kwa khanga. Stanley akarudi anajifutia mikono kwenye suruali, akamnyooshea mmoja amsaidie kushuka apunge upepo. Shangazi hakuupokea.

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Kaa nyuma."

Tukasubiri breki zipoe zenyewe. Shangazi akahamia mbele, nikaweka D, nikashuka mdogo mdogo, mguu nauweka na kuutoa. Stanley huko nyuma ananuna na kunuka. Mara shangazi akauliza kale kamshale ka kijani kanakwenda wapi. Nikamwambia ni nguvu ya mteremko, inarudi kwenye betri, tutaitumia mbele ya safari. Akakaangalia mpaka Kolo, na tulipofika betri ilikuwa imekaribia kujaa.

"Kumbe hakikutakiwa kupotea kitu," akasema.

Jumapili mshenga akaja, mzee Matonya, na kanzu yake safi. Shangazi akampa chai, akamuuliza habari za ng'ombe na za mvua, akamwacha anywe mpaka nusu kikombe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikiliza.

"Jibu la Stanley nilitoka nalo Bereko vizuri tu, mzee wangu," akamwambia. "Lilikuwa ndani ya dumu la samli."