Chakula cha Dirishani

Kizibo aliyabomoa matofali ya lile dirisha la baa yake kwa mikono yake mwenyewe, na Mama Upawa alisimama upande wa pili wa ukuta akimsikiliza anavyohema. Kizibo angeweza kuita fundi, lakini Mama Upawa alikataa. Alimwambia kwamba kama anataka chakula chake kiingie tena baa, aliyeziba ndiye azibue. Kizibo akacheka, akaenda kuazima nyundo. Laiti angejua anachekea nini.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa mfupi, mnene, na maisha yake yote yalikuwa juu ya chupa. Mama Upawa naye aliitwa hivyo kwa sababu ya upawa wake mrefu, ambao mtu mwingine akiugusa anatafuta ugomvi. Zamani hawa wawili walikuwa chini ya paa moja. Jiko la Mama Upawa lilikuwa chumba cha nyuma ya baa, na sahani zilipitia dirishani. Mumewe, Fundi Redio, alikuwa na kiti chake karibu na hilo dirisha. Tumbo lake lilikuwa na vidonda. Mkewe alijua kwamba kumkataza bia ni kumpigia mbuzi gitaa, kwa hiyo alimwekea sharti moja tu: kabla ya chupa, sahani. Akimwona ameketi, anamsukumia chakula kisicho na pilipili, na fundi anakula huku akilalamika kwamba chumvi haitoshi na kwamba analelewa kama mtoto. Akishashiba, chupa ya pili huiacha nusu.

Ndipo Kizibo alipong'amua jambo ambalo kila muuza bia hulijua: aliyeshiba hanywi. Akamwambia Mama Upawa afungashe masufuria yake. Dirisha likazibwa kwa matofali, mbele yake pakawekwa spika kubwa kama kabati, na chumba cha nyuma akakirudisha kwa mwenye nyumba. Fundi Redio hakuhama, maana marafiki zake wote walikuwa pale. Akawa anatoka kibandani kwake moja kwa moja hadi baa, anakunywa tumbo likiwa tupu, na akirudi nyumbani hataki hata uji. Siku aliyotapika damu, hakufika hospitali akiwa hai.

Msibani Kizibo alileta kreti za soda. Akasimama mbele ya waombolezaji, akajikohoza.

"Tusidanganyane, jamani," alisema. "Si pombe iliyomuua ndugu yetu. Ni tumbo lake."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Upawa aliyasikia maneno hayo akiwa ameketi sakafuni, na machozi yakamkauka hapohapo. Tangu siku hiyo alimchukia Kizibo kwa chuki tulivu, isiyo na haraka. Wapo watakaosema si vizuri kuweka kinyongo. Hao hawakuzikiwa mume kwa soda.

Alipopata nguvu, alikipanga kile chumba cha nyuma kwa mwenye nyumba, akafungua mlango wa kutokea mtaa wa pili na kuanzisha mgahawa pamoja na wifi yake, dada wa marehemu. Wifi alimuuliza kwa nini wasiende mbali na ukuta ule wenye nuksi. Mama Upawa alimjibu kwamba bado ana kazi nao.

Kazi ilijileta yenyewe. Baa za mitaa mingine zilianza kupatana na migahawa ya jirani, mnywaji anaagiza chakula bila kuinuka na analetewa mezani. Wateja wa Kizibo wakaanza kuonekana huko, wakirudi na midomo inayong'aa mafuta. Haikupita muda, Kizibo akabisha hodi mgahawani, meno yote nje, akiita shemeji, shemeji. Akaeleza anachotaka: karanga za chumvi, vipande vya nyama vilivyokaushwa, viazi vya kukaanga vyenye pilipili ya kutoa kamasi. Sahani ziwe ndogo.

"Nataka chakula kinachoita bia, shemeji," alisema. "Unanielewa?"

Mama Upawa alisema anaelewa sana.

Siku dirisha lilipoanza tena kazi, Kizibo alilewa furaha kabla ya kulewa bia. Alipanda juu ya kreti, akanyoosha mkono kuelekea dirishani, akaapa mbele ya wateja wote kwamba siku atakayolifunga tena dirisha lile, wamnyang'anye funguo za baa. Wakapiga meza kwa makofi. Upande wa pili, Mama Upawa alikuwa akikoroga sufuria. Alilipokea lile neno, akaliweka.

Mwanzoni alifanya kama alivyoagizwa, tena akazidisha. Chumvi ilikuwa chumvi kweli. Watu walikula, wakaungua, wakaita bia, na Kizibo akaongeza friji la pili na kukodi duka la pembeni ili aipanue baa. Wifi alivumilia, mwisho akalitupa chini kapu la vitunguu.

"Wifi, unamtajirisha mtu aliyemuua kaka yangu?"

"Ngoja kwanza wauzoee mkono wangu," alijibu Mama Upawa.

Walipouzoea, alianza kupunguza chumvi, kidogo kidogo, kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa. Pilipili ikafuata. Sahani zikakua, bei ikabaki palepale. Kwanza inapita supu nzito, kisha maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka, viazi vya kuchemsha, nyama laini yenye mchuzi wa kuchovya mkate. Wanywaji wakaanza kulegeza mikanda. Chupa moja ilikaa mezani hadi ikapata joto. Jua halijazama vizuri, watu wanapiga miayo, wanaaga, wanakwenda kwao kwa miguu yao wenyewe. Mmoja aliyezoea kubebwa kurudishwa nyumbani, sasa ndiye aliyekuwa akiwabebea watoto wake nyama iliyobaki.

Kizibo alidhani bia imeharibika. Akabadilisha bia. Kisha akaja dirishani kuomba chumvi iongezwe, na Mama Upawa akamkabidhi kopo zima la chumvi akaliweke mezani, kila mtu ajinyunyizie apendavyo. Hakuna aliyeligusa. Akanunua karanga zake mwenyewe akazigawa bure, nazo zikarudi. Watu walisema wameshiba.

Mwisho akaja na matofali. Dereva mmoja mstaafu, ambaye kwa kawaida hata salamu huitoa kwa shida, aliinuka akamnyooshea kiganja.

"Funguo," alisema.

Baa nzima ilicheka, lakini kile kiganja hakikushuka. Kizibo akalirudisha tofali chini.

Friji la pili likarudi lilikotoka, na duka la pembeni likapata mpangaji mwingine. Kodi iliposhindikana, mwenye nyumba akampa Kizibo muda wa kuhama. Alasiri moja, baa ikiwa tupu, alikuja kuketi kwenye kile kiti cha karibu na dirisha. Alikuwa amekonda usoni.

"Shemeji, unaiua baa yangu."

Mama Upawa aliufuta upawa wake polepole. Maneno haya alikuwa ameyatunza tangu msibani.

"Tusidanganyane, shemeji. Si chakula changu kinachoiua. Ni matumbo yao."

Kizibo aliinua uso. Aliyatambua maneno yake. Wifi aliacha kumenya viazi ili amtazame vizuri.

Mama Upawa alimsukumia sahani ndogo: karanga, nyama kavu, viazi vya pilipili, kila kitu kama alivyoagiza siku ile ya kwanza. Kizibo hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na mwenye njaa hana miiko. Alikula. Machozi yakamtoka, akaomba maji, sauti imekauka.

"Maji ya nini?" alisema Mama Upawa. "Bia si unayo?"

Kizibo alipoondoka aliziacha funguo kizingitini mwa dirisha, azichukue mwenye nyumba. Wifi alitaka wapige vigelegele. Mama Upawa alimwambia angoje kidogo, akapakua sahani isiyo na pilipili, akaiweka dirishani. Kisha akazunguka kwa mlango wa baa, akaketi kwenye kiti cha mumewe na kuivuta. Akala hadi akashiba, huku akinung'unika kwamba chumvi haitoshi.