Pumzi Katikati ya Mstari

Jumamosi hiyo saa nane mchana Songea yote ilikuwa inabishana, yaani wale wenye redio na wale wenye jirani mwenye redio. Kipindi cha Kumi za Milele kilikuwa kinatafuta albamu kumi bora kuliko zote zilizowahi kutoka kwa watu wa mkoa wa Ruvuma. Wiki tisa zilikuwa zimepita, albamu tisa zimepatikana, na imebaki nafasi moja. Vijiwe vya bodaboda vilikuwa vimegawanyika makundi mawili. Sokoni mama mmoja alikuwa amekataa kumpimia mwenzake dagaa wa Nyasa kwa sababu ya ubishi huohuo. Watu wakishapenda muziki adabu huwa wanaiacha nyumbani.

Dorine Ngonyani alikuwa mtangazaji wa kipindi, na kwa kazi yake hakutakiwa kuwa na upande. Upande alikuwa nao. Alikuwa nao tangu hajazaliwa, na bado aliwasha maiki.

Mbele yake waliketi majaji watatu. Kulia alikuwa Mwalimu Hironimus, miaka sabini na mbili, aliyefundisha kwaya kwa miaka thelathini na bado akikohoa anakohoa kwa sauti ya besi. Kushoto alikuwa Mzee Muhsini, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru aliyehamia Bombambili, hapahapa Songea, zamani, mwenye kanda nyingi kuliko duka lolote la mjini. Katikati alikuwa Nasrin, anayepiga muziki kwenye harusi, mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mkali kuliko wote.

Albamu zilizogombea nafasi ya mwisho zilikuwa mbili. Mzee Muhsini alileta *Msimu wa Korosho*, taarabu ya akina mama wa Nalasi, kwao Tunduru. Mwalimu Hironimus alileta *Mlango Haujafungwa*, iliyorekodiwa na kwaya yake mwenyewe mwaka tisini na saba. Kwenye kava ya kanda, chini ya picha ya wanakwaya waliosimama kwenye ngazi za kanisa, paliandikwa: mwimbaji kiongozi, Kresensia Gama.

Dorine alijua kwamba maneno hayo ni uongo. Sauti ile ilikuwa ya mama yake.

Asubuhi hiyo alikuwa amempigia simu kijijini Maposeni. Mama yake, Ida, alikuwa uani anapukuchua mahindi, redio ikiwa juu ya gunia.

"Usinitaje," Ida alimwambia. "Nakuomba, mwanangu. Miezi mitano nimekaa benchi la nyuma kanisani watu wakinigeukia shingo. Sitaki kurudishwa kule kwa njia ya redio."

"Sasa mama, waseme ni Kresensia?"

"Waseme. Acha wimbo uingie. Sauti yangu mimi naijua."

Hata kama Dorine angetaka kusema, kulikuwa na kanuni. Kwenye kipindi hicho albamu ambayo kava yake imemtaja mtu asiye mwimbaji wake ilikuwa inafutwa papo hapo. Aliyeidai kanuni hiyo ni Mwalimu Hironimus mwenyewe, tena kwa kugonga meza, na wiki iliyopita tu aliitumia kufuta albamu aliyoileta Nasrin. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa, na yalimkaa Dorine kifuani toka alfajiri. Akinyamaza, wimbo wa mama yake utaingia kwa jina la mtu mwingine. Akisema, jina la mama yake litasikika na wimbo utatupwa nje.

"Mwalimu, shikamoo. Karibu uanze," alisema.

"Marahaba, Dada Dori." Hivyo ndivyo mji wote ulivyomjua, Dada Dori. Ngonyani wako wengi mno Songea kwa mtu kuanza kuuliza huyu ni wa nani.

Mwalimu alianza. Alieleza jinsi mafundi walivyokuja na mashine yao kutoka Dar kwa siku moja tu, wakaziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, na kwaya ikaimba kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua linazama. Alizungumza vizuri, mzee yule. Dorine alimchukia kwa jinsi alivyozungumza vizuri.

Kisha Beda, fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo, akapiga wimbo wa tatu.

Sauti ya mwanamke ilipanda peke yake. *Hata nikichelewa, hata nikichelewa njiani…* Ilifika kwenye neno "njiani", ikalishika, na palepale katikati ikakatika. Ikasikika pumzi, fupi, ya mtu aliyebanwa. Halafu ikaendelea, *…mlango haujafungwa,* na kwaya nzima ikaingia nyuma yake.

Muziki ulipoisha Mzee Muhsini alikuwa ameishika ile kava mkononi.

"Bismillahi," alisema. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini niambie, huyu tuliyemsikia ni nani?"

"Si umesoma? Kresensia, Mungu amrehemu."

"Kresensia nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Alikuwa anafua huku anaimba, kila siku ya Mungu. Yule alikuwa sauti ya pili, Mwalimu, sauti nzito ya chini. Huyu wa kwenye kanda anaimba ya kwanza."

Nasrin aliinua kichwa. Beda naye, nyuma ya kioo, aliacha kutafuna karanga.

"Nilimpandisha," alisema Mwalimu. "Kazi ya mwalimu ni nini? Nilimpandisha siku ile."

"Na ile pumzi? Mstari ule unatakiwa kuimbwa kwa pumzi moja. Hata mimi wa madrasa nasikia. Amekata neno katikati. Wallahi lile ni kosa, na kosa haliingii kwenye kumi bora."

Mwalimu Hironimus alisimama. Waya wa maiki ulimvuta akainama kidogo, lakini hakuketi.

"Kosa? Mzee Muhsini, ile pumzi ndiyo albamu! Kwaya zote za Peramiho, za Mbinga, za mpaka Njombe, wamejaribu kuiga ile pumzi, na hakuna aliyeweza. Mtu anaimba kwamba amechelewa njiani, na unamsikia kweli amechoka, amebeba mzigo. Ukiiondoa pumzi ile unabaki na wimbo wa kawaida wa Jumapili."

"Ameipata wapi, basi?"

"Nilimfundisha mimi," alisema Mwalimu. "Nilimfundisha mwenyewe, kwa mkono wangu."

Jina la uongo Dorine angeweza kulivumilia, alikuwa amejiandaa wiki nzima kulivumilia. Hili hakulitegemea. Aliangalia karatasi yake na herufi zikawa hazisomeki.

"Tupige kura," alisema, na sauti yake ilitoka ya kawaida, jambo ambalo lilimshangaza.

Mzee Muhsini alipigia Nalasi. Mwalimu alipigia kwaya. Wote wakamgeukia Nasrin.

"Mwalimu, wewe umenifutia albamu yangu wiki iliyopita na bado nina hasira na wewe," Nasrin alisema. "Mambo ya kwaya siyajui. Lakini juzi nilikuwa natoka Namtumbo, nimeuweka huo wimbo ili nipate cha kuusema vibaya. Ilipofika ile pumzi nikasimamisha gari pembeni, nikalia. Sijui nalilia nini. Kura yangu naipa kwaya."

Mwalimu alifumba macho. Alikuwa ameshinda, na uso wake ukawa wa mtu aliyetua gunia. Huko nje honi za bodaboda zilianza kulia kuelekea sokoni.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogo tu. Kila wiki mtangazaji alisoma maneno yaleyale, na Dorine alikuwa ameyasoma mara tisa. "Nafasi ya kumi kati ya Kumi za Milele," alisoma, "imechukuliwa na *Mlango Haujafungwa*. Mwimbaji kiongozi…"

Akanyamaza.

Redio ikinyamaza sekunde tatu, watu wanadhani umeme umekatika. Ikinyamaza tano, wanaanza kupigapiga betri. Beda alikuwa anapunga mikono yote miwili. Dorine alimfikiria mama yake uani, mahindi mkononi, akisubiri kusikia jina la Kresensia kwa utulivu uleule ambao amekuwa akisubiria kila kitu, na akaona hawezi. Hakuwa jasiri. Hakuweza tu.

"Mwimbaji kiongozi ni Ida Ngonyani," alisema. "Na ile pumzi, Mwalimu, hukumfundisha mtu. Alikuwa na mimba ya miezi minne, kifua kimebanwa. Ile pumzi ni mimi."

Mzee Muhsini aliirudisha kava mezani taratibu, picha ikiwa juu. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, besi mmoja alikuwa anatabasamu ndani ya sare iliyopigwa pasi. Huyo hakukaa benchi la nyuma hata Jumapili moja. Baadaye alioa mtu mwingine akahamia Mbinga, na Dorine amekua na ubini wa mama.

Mwalimu Hironimus angeweza kukataa. Dorine aliiona nafasi hiyo ikimpitia machoni. Mle chumbani hakukuwa na shahidi, Kresensia alikuwa kaburini, na upande mmoja kulikuwa na mwalimu wa kwaya anayeheshimika, upande mwingine mtangazaji anayetetea mama yake.

"Mwalimu," Nasrin alisema, taratibu kuliko kawaida yake, "ni nani huyo anayeimba?"

Mwalimu aliketi. Alivua miwani, akaishika bila kuifuta.

"Ni Ida," alisema. "Ida alikuwa na kifua cha kuushika mstari ule mara mbili, na kibaki. Siku ile akakata. Nikamwambia arudie, akakata tena, palepale. Mimi nimefundisha wanawake kuimba miaka mingi, nikajua. Jioni ileile nikaiambia kamati." Akakohoa. "Wakamsimamisha kwaya, wakamweka nyuma mpaka ajifungue, halafu aje aombe msamaha mbele yetu wote. Hakuja. Mafundi walikuwa wameshaondoka na mashine yao, hatukuweza kurekodi upya. Nikaandika jina la Kresensia. Yeye mwenyewe alikataa, nikamlazimisha."

"La haula," Mzee Muhsini alinong'ona.

"Miaka yote hii," Mwalimu alisema, "watu wakiniuliza kuhusu ile pumzi, nawaambia nilifundisha. Nimesema mpaka nikaanza kuamini."

Dorine alitaka kumchukia kama dakika kumi zilizopita, na ikawa kazi ngumu. Hilo nalo lilimkasirisha.

"Kuna kanuni," Nasrin alisema. Hakusema kwa furaha.

"Ipo," alijibu Mwalimu. "Niliidai mimi. Ifuteni."

Dorine alichukua biro yake. Alipiga mstari juu ya *Mlango Haujafungwa*, mstari mmoja ulionyooka. Akasoma tena maneno yale kuanzia mwanzo, na nafasi ya kumi ikaenda kwa akina mama wa Nalasi. Mzee Muhsini alijitahidi sana asitabasamu, ikamshinda.

Beda aliweka taarabu. Dakika sita za muziki, maiki zote zimezimwa. Simu ya Dorine ikaanza kutetemeka juu ya meza, na jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa Mama.

Aliogopa kuipokea. Mtu mzima, miaka ishirini na saba, aliogopa kama aliyevunja chungu. Akabonyeza, na kwa haraka akawa amebonyeza na spika.

"Mama. Nisamehe. Umesema nisikutaje na nimekutaja, na wimbo wenyewe haukuingia."

"Nimesikia." Nyuma ya sauti ya Ida kulikuwa na kelele, kuku, watoto, wanawake wanaoongea kwa pamoja. "Uani kumejaa watu hapa. Mama Fulgence amekuja mbio na unga mikononi, ananiuliza Ida, ndiye wewe? Tangu nihamie huku, miaka ishirini na saba tunateka maji pamoja, hajui kama naimba."

"Umekasirika?"

Kule Maposeni kelele zilipungua, mtu mmoja akiwanyamazisha wengine. Halafu sauti ikapanda ndani ya simu. Ilikuwa imezeeka, na kingo zake zimekwaruzika kwa vumbi la mashamba, lakini ilikuwa ileile, na kila mtu chumbani aliitambua.

*Hata nikichelewa, hata nikichelewa njiani…*

Mwalimu Hironimus alinyanyua mkono wake wa kulia kutoka mezani. Huenda hakujua kama ameunyanyua. Vidole vilisimama hewani, vikisubiri mahali pale.

Ida alipapita. Alilishika neno, akalivuta, akaunganisha na yaliyofuata mpaka mwisho wa mstari, bila kuvuta pumzi popote.

"Umeona?" alisema, akihema sasa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anacheka. "Naweza, tena vizuri tu. Siku ile ulikuwa umenikalia njiani."

Dorine aliinamisha uso juu ya karatasi akalia, na mkono wa Mwalimu ukabaki hewani.