Shukrani Katikati ya Barabara

...na huyu naye kasimama, kijana wa gari jeupe lililojaa kabichi, anampungia mkono, "Vuka basi, bibi, vuka!", na Malja mikono iko kwenye mpini wa mkokoteni lakini miguu imegoma ukingoni, maboksi yamepanda nyuma yake hadi kumpita kichwa na nyuma ya maboksi hakuna mtu, hapo ndipo palikuwa pa Mama Gisu, akisukuma na kulalamika, "We Malja, unavuta au unasindikiza?", walivuka barabara hii ya mjini Incheon kama chanda na pete, sasa hana hata wa kumtukana, jioni anapika supu ya soya sufuria ileile ya watu wawili halafu anaikodolea macho... "Bibi, unaumwa?"... haumwi, anajua kivuko kiko juu, kwenye maghorofa mapya, kina taa, kina mwavuli wa jua, kina na kile kiti cha manjano kilichofungwa nguzoni ili wazee wapumzishe magoti wakingoja, aliwahi kukikalia, mlinzi akaja, kwa adabu kabisa, "Samahani bibi, mkokoteni wako unawaziba watoto," na huku bondeni, baada ya msiba, wakaletewa kitambaa cha maandishi mekundu, VUKA PENYE KIVUKO, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nani apande kilima kile na mzigo halafu ashuke tena, na mnunuzi wa maboksi chakavu yuko palee, ng'ambo, mlango wake anauona... siku ile pia gari lilisimama, mtu mwema, na Mama Gisu hakuwahi kupokea hata kikombe cha maji bila kuinama kushukuru, basi akauachia mkokoteni katikati ya barabara, akamgeukia dereva, akainama, akainama tena, akarudi kinyumenyume vilevile kichwa chini, kama anaagana na wakwe, na gari la safu ya pili, lililochoka kungoja, likapita kando ya lile lililosimama... Malja, mbele, alihisi tu mkokoteni umekuwa mzito, akasema, "Sukuma basi, mvivu we," hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyompa, Mungu wangu, hayo... na watu msibani wakasema kizee kilivuka ovyo, hakuna aliyesema alikufa akishukuru, na alishukuru nini hasa, kuachiwa apite kwenye mtaa aliozalia watoto, barabara imekuwa sadaka lini, wa kule juu wanavuka wakitazama simu, nani kawaona wakimwinamia mtu... honi, "Bibi, nina safari!", na shingo inaanza kushuka yenyewe, imezoea, na Malja anaishika hapohapo, anainua uso, hamtazami kijana, anatazama safu ya pili, gari linapita, jingine linapita, ngoja, kijana, nawe ngoja kidogo leo, na gari jeupe bado limesimama, na miguu bado iko ukingoni, sukuma taratibu, Mama Gisu, leo hainami mtu.