Udongo wa Nzioka

Jiwe lililo mbele ya geti la Nyumba ya Wepesi lilikuwa limeshika moto kufikia saa tatu asubuhi, na Kavindu alikuwa amelikalia tangu saa moja. Alikunja leso mara mbili akaikalia, lakini joto lilipita tu. Mbele yake ukuta wa mawe ulikwenda mpaka vichaka vilipoanzia. Juu ya geti alichorwa Kisilu Maima na gitaa lake, mkubwa kuliko nyumba, meno yote nje. Chini ya viatu vyake paliandikwa TUA MZIGO. Ng'ambo ya reli, Makindu iliendelea na biashara zake.

Hii ilikuwa siku ya pili. Mumewe Nzioka alikuwa mochari huko Kitui, na kesho saa nne angezikwa nyumbani kwake Ikutha. Mjane wakati kama huu hukalishwa mkekani akaletewa chai. Yeye aliwaacha waombolezaji uani akavuka kuja huku, na alijua vizuri wanavyomsema. Wacha waseme. Alikuja kumchukua Kavata, mtoto wake wa pekee, akamtupie baba yake udongo.

"Mama, nilikuambia jana," alisema Musyimi, bawabu, kupitia kidirisha cha geti. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na sauti yake haikuwa mbaya. "Hapa hakuna mtu anaitwa Kavata. Kuna Tulivu. Na Tulivu alishaandika barua."

"Barua niliiona. Wewe mwambie baba yake amekufa."

"Nilipeleka hiyo maneno kwa ofisi."

"Wakasema nini?"

Musyimi aliangalia kufuli. "Walisema hiyo ni mzigo. Mzigo haipelekwi ndani."

Akafunga kidirisha polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Miaka mitatu nyuma gari la Nyumba ya Wepesi lilifika soko la Ikutha na spika juu ya paa, na Kisilu Maima mwenyewe alikuwa ndani. Si picha, ni yeye, na kofia yake. Nani hakumjua Kisilu? Wimbo wake wa "Mwaitu", ule wa kumshukuru mama, ulipigwa kwenye harusi zote kuanzia Mutomo mpaka Wote, na Kavindu mwenyewe aliuimba akipura ndengu. Siku hiyo Kisilu hakuimba kwanza. Alisimama akasema alikuwa mlevi wa kulala mtaroni, na watu hawa ndio waliomtua mzigo wake. Akasema si kanisa, wala si siasa, ni elimu ya moyo. Halafu akaimba, na wanawake wakalia.

Wasaidizi wake walipita na kidude cha kubana kidole, kile cha hospitali, kikitoa nambari. Nambari ikiwa kubwa, una mzigo. Watu wote wa Ikutha walikuwa na mzigo. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne. Ni moyo wa nani ungekuwa mwepesi? Kavata alikuwa na cheti chake cha ualimu wa chekechea ndani ya bahasha na mwaka wa pili anabangua mbaazi uani. Nambari yake ilikuwa kubwa kuliko za wote, wakamwambia wenye mizigo mikubwa ndio huenda mbali. Wiki iliyofuata alipanda gari lao. Nzioka alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amembebea sanduku.

"Enda salama, mwaitu," alimwambia. Mama yangu. Alimwita hivyo tangu akiwa kichanga, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi.

Hapo ndipo palipokuwa na kisa chote, na Kavindu akikifikiria alitamani kujing'ata ulimi mpaka utoke.

Mwaka mmoja baadaye wazazi walialikwa. Walikula pilau, wakaonyeshwa bustani, kisha kila mzazi akaingizwa peke yake katika chumba kidogo. Kavindu alikaa na mwanamke mpole anayeitwa Madam Muthoki, kibanio kidoleni, kinasa sauti mezani. Kisilu alipita akamshika bega. "Funguka tu, mwaitu," akasema, "hapa ni nyumbani." Kavindu alikulia katika kanisa ambalo kila Jumapili mtu husimama akatoa ushuhuda, akalia, akaombewa, akakaa. Ukishaombewa, mambo yameisha. Alidhani hili nalo ni hilo. Basi akatoa ushuhuda ambao hata kanisani hakuwahi kuutoa: kwamba aliolewa na Nzioka akiwa na mimba ya miezi miwili, ya dereva wa lori aliyelala Mtito Andei usiku mmoja akaenda zake Mombasa na hakurudi.

Akalia, na Madam Muthoki akampa kitambaa. Ukweli usemwe: wiki nzima baada ya hapo Kavindu alijisikia mwepesi.

Kisha barua ikaja. Nusu ukurasa, mwandiko wa Kavata, ule wa duara wa mwalimu wa watoto wadogo. *Kuanzia leo nimetua mzigo wa Kavindu, na wa mtu aliyejiita baba yangu. Jina nililopewa lilikuwa la kuazima, nimelirudisha. Msinitafute.* Ilitiwa sahihi Tulivu. Nzioka aliisoma mara mbili akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Jioni ile hakula.

Kavindu alikwenda kwa chifu, chifu akampeleka polisi. Askari alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Ni mtu mzima, mama. Ametia sahihi. Sasa mimi nitamshika nani?" Ukutani nyuma yake palikuwa na kalenda ya Nyumba ya Wepesi, na Kisilu akicheka katika miezi yote kumi na miwili.

Saa tano geti lilifunguka kwa gari jeusi. Kavindu alisimama katikati ya njia kabla hajajua anachofanya. Gari likafunga breki, kioo kikashuka, na pale alikuwa Kisilu Maima. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Uvoo waku, mwaitu?" alimsalimia, na kwa mazoea akatabasamu. Kijana mmoja aliyekaa mbele akainua simu, akapiga picha: msanii na mama mzee wa kijijini.

"Kisilu, mwanangu ako ndani. Anaitwa Kavata. Baba yake anazikwa kesho. Wewe ndiye ulimchukua Ikutha. Nisaidie nimwone."

Tabasamu lilibaki. Kisilu alitoa kichwa nje ya dirisha kana kwamba anambusu shavuni.

"Usiingie," alimnong'oneza. "Wakikuingiza, usiseme kitu. Siri zangu wanazo zote kwa kabati, toka siku ya kwanza. Mamangu mwenyewe ako Mwingi. Huu ni mwaka wa tano sijamwona."

"Na ule wimbo?"

"Wimbo naimba," alisema Kisilu.

Kioo kikapanda. Gari likaelekea barabara kuu ya Mombasa, mahali pengine penye soko, penye watu wenye mizigo.

Kavindu alirudi kwenye jiwe lake. Usiku uliopita alilala katika vyumba vya wageni vya hekalu la Masingasinga, hapo Makindu mjini, na asubuhi wakampa chapati, dengu na chai. Hakuna aliyemuuliza jina, wala anakotoka, wala ana shida gani. Alikula akaosha sahani yake akaondoka. Sasa, juani, alishangaa jinsi alivyowahi kuona kuulizwa ndiko kupendwa.

Alipapasa kifundo kilichofungwa kwenye pindo la leso ya kiunoni. Ulikuwa udongo. Jumatano, shemeji yake Nthiwa alipopima kaburi na kuvunja ardhi kwa sururu, Kavindu aliinama akateka ukufi mmoja wa ule udongo mwekundu. Alijiambia hivi: wakikataa kumtoa Kavata, basi nitaudondosha mkononi mwake, aushike tu. Mimi nitaurudisha na kumtupia baba yake kwa niaba yake. Haikuwa mila ya mtu yeyote. Aliibuni mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Saa sita Madam Muthoki alitoka. Alikuwa na mwavuli, akamtilia Kavindu kivuli kabla ya kusema neno.

"Pole sana, mama. Jua ni kali. Tulivu unaweza kumwona."

Kavindu aligeukia geti. "Atatoka?"

"Hatatoka. Lakini wewe unaweza kuingia. Kikao kimoja tu, kama kile cha siku ile. Ndio utaratibu wetu: anayetaka kuona mtu wa ndani, anatua kwanza."

Aliyakumbuka maneno ya Kisilu, yote. Kisha akainuka akafuta vumbi na kumfuata.

Chumba kilikuwa kile kile. Meza nyeupe, viti viwili, kinasa sauti, kibanio. Ndoo ya takataka chini ya meza. Kavindu alikaa, mlango wa nyuma ukafunguka, na aliyeingia kuketi mbele yake na karatasi za maswali alikuwa Kavata.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Gauni la kijivu lilimpwaya mabegani. Hakuinua macho. Alimbana mama yake kidole, akabonyeza kinasa sauti, na taa nyekundu ikawaka. Madam Muthoki alisimama mlangoni.

"Taja jina lako."

"Kavata, ni mimi."

"Taja jina lako."

"Kavindu wa Nzioka."

Kalamu iliandika. Ule mwandiko wa duara. "Mzigo wako wa leo ni nini?"

Angeweza kunyamaza. Lakini akinyamaza kikao kingeisha, na dakika ngapi za kumwona mtoto wake zingekuwa zimepotea? Akasema. Alisema yote, mbele ya ile taa.

"Baba yako amekufa Jumatatu. Ilikuwa sukari. Walimkata mguu, haikusaidia. Sasa sikiza. Ile siku niliongea hapa, niliongea nusu, sababu hawakuniuliza nusu ingine. Nzioka alijua. Nilimwambia kabla ya harusi, nikiwa nimebeba nguo zangu nirudi kwetu. Akaniambia weka hizo nguo. Siku ya nne baada ya wewe kuzaliwa alikutoa nje, mbele ya ndugu zake, akakuita jina la mama yake. Hakuna mtu alimlazimisha. Jina si la kuazima. Alikupa akijua."

Kalamu ilisimama. Kavindu aliliona hilo, na hakuna mtu atakayemwambia hakuliona. Ilisimama muda wa pumzi mbili, kisha ikaendelea.

"Siku ya mwisho alikuwa anaita mwaitu, mwaitu. Nesi akasema wazee wakikaribia kufa huita mama zao. Mimi nilijua anaita nani."

"Swali linalofuata, Tulivu," alisema Madam Muthoki kutoka mlangoni, kwa upole.

"Nani anakuzuia kuwa mwepesi?" Kavata alisoma.

Kavindu alifungua kifundo cha leso. Udongo ulikuwa umekauka njiani, ukamwagika mezani kidogo kuliko alivyodhani, mwekundu juu ya ule weupe.

"Ni wa kaburi lake. Wewe shika tu, mwanangu. Shika, nitamtupia mimi kesho. Sitakuomba kitu kingine."

Kwa mara ya kwanza Kavata aliinua macho, lakini hayakumfikia mama yake. Yalikwenda mlangoni, yakakaa huko, yakarudi kwenye karatasi.

"Je, kuna lingine?"

"Hakuna," alisema Kavindu.

"Asante kwa kutua."

Kavata alitoa kibanio kwenye kidole cha mama yake. Kisha, kwa kuwa meza lazima iwe safi kwa anayefuata, aliweka kiganja juu ya udongo akaanza kuukokota kuelekea ukingoni. Aliukokota taratibu. Kiganja kilirudi pale pale mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, hata palipokuwa hapana kitu tena. Udongo ulidondoka ndani ya ndoo na sauti ndogo sana. Kavindu alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Kavata akabaki amefumba mkono.

Madam Muthoki alikuja na kitambaa chenye maji. "Fungua mkono, Tulivu. Ufute."

Kavata akaufungua. Udongo ulikuwa umeingia kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha. Akapokea kitambaa akafuta, kidole kimoja kimoja, mpaka mkono ukawa safi. Nje, kwenye spika za geti, Kisilu Maima alikuwa akimshukuru mama yake, na mezani ile taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.