Viatu Kizingitini

Jumanne asubuhi fundi mwashi alifungua mlango aende kutafuta kibarua, akakuta jozi arobaini na moja za viatu zimepangwa kizingitini. Akatazama simu. Blogu yake ilikuwa imesomwa na watu arobaini na mmoja.

"Baba watoto, wageni wenyewe wako wapi?" mkewe akauliza.

"Wamesoma, wamekwenda zao."

"Pekupeku?"

"Ndiyo."

"Si wangefagia basi, maana wameingia na vumbi."

Alichoandika kilikuwa kifupi. Ghorofa mpya ya shule ya msingi, ambayo yeye mwenyewe aliijenga kwa mikono yake, ilitiwa nondo za milimita nane badala ya za kumi na sita, na saruji ya kunusa tu. Alimwambia msimamizi, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Sasa binti yake kitindamimba alikuwa amepangiwa darasa la orofa ya juu.

Kufikia Ijumaa jozi zilikuwa mia sita: ndala, mabuti ya shamba, raba nyeupe za wauguzi. Tano zilikuwa za ngozi nyeusi, zimeng'arishwa hata mtu angeweza kujinyolea humo. Hizo mkewe aliziingiza ndani zisinyeshewe.

Jumamosi baraza liliita wananchi kuamua kama ghorofa ifunguliwe. Fundi alipakia viatu vyote kwenye mkokoteni, akaweka jozi moja kila kiti mpaka ukumbi ukajaa. Katibu akapita akihesabu, akaandika: mahudhurio, mtu mmoja.

"Na hawa je?"

"Viatu havinyooshi mkono, mzee wangu."

Fundi akasoma karatasi yake. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba baraza lilikuwa linalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na laiti lingejua mapema. Karatasi ikamponyoka fundi. Alipoinama kuiokota aliona, chini ya meza kuu, miguu kumi mitupu, vidole vimejikunja kwa baridi ya sakafu.

"Viatu vyenu viko viti vya mbele," akasema.

"Ahsante. Kuna lingine?"

Hakukuwa na lingine. Mikono mitano ikanyooshwa kukubali ghorofa ifunguliwe. Katibu akaandika: hakuna pingamizi. Wajumbe wakavaa viatu vyao, wakaenda kula.

Jumapili fundi aliandika yote hayo kwenye blogu. Jumatatu asubuhi zile jozi tano nyeusi zilikuwa zimerudi kizingitini, mbele ya nyingine zote. Akazisukuma kwa mguu kupata njia, akamshika binti yake mkono mpaka shuleni, chini ya ngazi mpya.

"Baba, nipite katikati?"

"Hapana, mama. Ambaa na ukuta. Kanyaga taratibu."

Mtoto akafikiri kidogo. Akavua viatu apunguze uzito, akamwachia baba yake mkononi, akapanda.