Nukta Iliyokataa Kuitika

Vidonge vya kuua wadudu vilikuwa vimekwisha kuwekwa chini ya magunia, na milango miwili kati ya mitatu ya ghala imezibwa kwa plastiki, Josiane alipotazama kiti cha baba yake pale nje akakikuta kitupu.

Dakika chache kabla, mabehewa ya treni yalikuwa yamegongana relini kwa kishindo kama cha bomu. Mzee Amuri, ambaye siku hizi akili yake iliondoka na kurudi ilivyopenda yenyewe, alikuwa amekimbilia ndani. Mtu gani mwingine angekimbilia sumu? Lakini mwaka 2002, mji wao wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa ukishambuliwa, ni ndani ya ghala hilo hilo alikomficha Josiane, wakati huo wa miaka minne, kwa siku tisa.

"Dawa inaamka polepole," alisema Jules, mkubwa wa watia dawa. "Nusu saa ikipita, hata miye siingie tena."

Josiane alitoa simu. Chini ya bati lile satelaiti hazisaidii kitu, ndiyo maana mwenye ghala alimpa kazi ya kutafuta njia ya kujua kila mzigo uko wapi. Alitundika viboksi vinane vya wifi kwenye nguzo, kisha mwezi mzima akatembea hatua mbili mbili, akiandika kila mahali kiboksi kipi kinasikika kwa nguvu na kipi kwa mbali. Simu ikilinganisha inachosikia na vipimo vile, inajua imesimama wapi. Hayo yalikuwa ya mizigo. Simu aliyomvisha baba yake shingoni ilikuwa ya kutuliza roho yake mwenyewe.

Nukta ya simu ya mzee ilionekana kwenye kioo: mstari wa nne, nguzo ya tatu.

"Papa! Papa Amuri!"

Alikimbia. Hapakuwa na mtu. Alipotazama tena, nukta iko mstari wa sita. Aliyalaani magunia ya mchele, maana mchele hunywa mawimbi, akajilaani na yeye kwa kupima ghala likiwa nusu tupu. Wapagazi wakaingia kusaidia, wakamwita mzee kutoka kila upande, na nukta ikaruka mstari wa tisa, kule vidonge vilikoanza kuwekwa.

Kisha aliona. Wakiita, nukta inasogea. Wakinyamaza, inatulia. Vipimo havikuwa na kosa lolote. Baba yake alikuwa akiwakimbia.

Wakati wa vita, wenye bunduki walikuwa wakimshika mtu, wanamlazimisha kuita ndugu zake waliojificha. Kwa hiyo watu wa Kindu walifundishana: ukiitwa jina, usiitike, hata sauti iwe ya mama yako. Na Josiane alikuwa amesimama pale anapiga makelele kama mpumbavu.

"Munyamaze wote! Mutu asimuite tena!"

Alivua viatu, akaifuata nukta kimya kimya. Harufu ya dawa, kama ya kitunguu saumu, ilianza kumwingia puani. Alimkuta amechuchumaa kati ya ukuta na magunia, shati mdomoni, uso umelowa machozi. Mzee alimtazama kama mgeni.

"Inama, mama," alinong'ona. "Wamemushika Josiane yangu. Unasikia vile wanamulazimisha kuniita?"

"Papa, njo miye, Josiane yako."

Hakumsikia. "Ile mara walimushika mama yake. Aliniita mupaka jua likashuka. Nilifunga mutoto kinywa, sikuitika."

Maisha yake yote Josiane aliambiwa kwamba mama yake alikufa kwa homa, kule Lokandu. Alitaka kuuliza, na nafasi ya kuuliza haikuwepo. Akamvuta mkono, mzee akakataa, akamvuta tena, kifua kikianza kumbana.

Ndipo mzee akasimama mwenyewe.

"Sasa niko muzee. Wanipige risasi tu." Akapaza sauti ikajaa ghala zima: "Josiane! Niko huku! Nakuja!"

Akatembea kuelekea mlangoni, mikono juu, na Josiane nyuma yake akimsukuma mgongoni, akikohoa na kulia. Walipotoka nje juani, mzee alisimama mbele ya wapagazi waliokuwa wamekwisha kutoka, mikono bado juu.

"Mumuache mutoto yangu."

Jules alimtazama Josiane, akavua kofia.

"Tumeisha kumuacha, papa," alisema.